Tulilaumu Intaneti, Kumbe Kosa Lilikuwa Ndani ya Ruta



Makala haya nayaandika kutoka London. Yanahusu kitu kidogo ambacho wengi wetu tunacho majumbani, iwe Muscat, Dubai, Doha au Kuwait, na wala hatukijui: chipu ya swichi iliyomo ndani ya ruta. Nitaanza na kisa kilichonitia haya, kwa sababu bila ya kisa hicho habari za chipu hazina ladha.

Kaka yangu mkubwa yuko Muscat. Ana maradhi ya figo na mara tatu kwa wiki husafishwa damu hospitali, kwa hiyo safari ndefu haziwezi. Binti yake mkubwa alisoma hapa London, akapata kazi hapa, na posa yake ikaja hapa hapa. Kaka akaniwakilisha mimi nimuozeshe binti kwa niaba yake. Sharti lake lilikuwa moja tu. "Mdogo wangu," aliniambia, "mimi nataka nisikie ijabu na kabuli kwa masikio yangu." Nikamjibu, "Usitie shaka, kaka. Hiyo ndiyo kazi yangu." Na kweli ndiyo kazi yangu, ni fundi wa mitandao mwaka wa ishirini huu.

Tulikodi ukumbi mashariki ya London. Nikafunga kamera mbili, kompyuta moja ya kuchanganya picha na kurusha, na televisheni upande wa wanawake ili nao waone. Vyote nikavichomeka kwenye ruta moja ndogo yenye poti tano, ya tano ikiwa ya intaneti. Ruta hiyo hiyo ndiyo iliyotoa waifai kwa wageni. Mwezi ule tukalipia na kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, ili kaka asikose kitu.

Siku yenyewe shehe alimaliza hotuba, nikamshika mkono bwana harusi, nikatamka maneno, naye akajibu. Ukumbi mzima ulisikia, na vigelegele vikapasuka upande wa pili. Baada ya dakika chache simu ikalia. Alikuwa kaka. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Mdogo wangu," alisema, "nimeuona mdomo wa bwana harusi umefunguka, lakini neno sikulisikia. Picha iliganda."

Ndoa ilikuwa sahihi, mashahidi walikuwepo na wamesikia. Lakini baba wa binti hakusikia, na jambo lile halirudiwi.

Jamaa wote walisema ni intaneti. Wa London waliilaumu intaneti ya London, na wa Muscat waliilaumu ya Muscat. Mimi pia niliamini hivyo mpaka usiku, nilipofungua rekodi iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya pale pale ukumbini. Mwanya ulikuwa ule ule: mdomo umefunguka, sauti hakuna. Rekodi ile ilitoka kwenye kamera ikaenda kwenye kompyuta, mita kumi na tano za waya, na intaneti haikuigusa kabisa. Hapo nikajua kwamba kosa lilikuwa ndani ya nyumba, na baada ya saa moja nikajua kwamba lilikuwa langu.

Daraja la mtandao ni nini

Aliyezaliwa Unguja analijua soko la Darajani. Jina hilo limetokana na daraja lililokuwa likiunganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, zama hizo maji yakipita katikati. Maji yalifukiwa, daraja likaondoka, jina likabaki. Watu wa pande mbili wakawa kama wa mji mmoja.

Katika mitandao pia kuna daraja, na kazi yake ni hiyo hiyo: kuunganisha waya mbili au zaidi ili vifaa vya pande zote vionane kama vimo kwenye waya mmoja. Ukichomeka kompyuta poti ya kwanza ya ruta na televisheni poti ya tatu, kisha televisheni ikacheza filamu iliyomo kwenye kompyuta, kuna daraja limefanya kazi hapo katikati.

Habari husafiri kwenye waya kwa vifurushi vinavyoitwa fremu. Kila fremu ina anwani mbili mwanzoni: ya kifaa inakokwenda na ya kifaa ilikotoka. Anwani hizi huitwa MAC, na kila kifaa hupewa yake kiwandani.

Daraja hujifunza lenyewe. Fremu ikiingia poti ya kwanza, daraja husoma ilikotoka na kuandika kwenye jedwali lake: "kifaa hiki kiko poti ya kwanza." Kisha husoma inakokwenda. Kama anwani hiyo imo kwenye jedwali, fremu hutolewa poti yake tu. Kama haimo, hutolewa poti zote isipokuwa ile iliyoingilia, na mwenyewe akijibu, jedwali hujazwa. Kifaa kikikaa kimya dakika tano, ambao ndio muda wa kawaida, jina lake hufutwa.

Kazi yenyewe ni hiyo. Ni rahisi, hata mtoto anaweza kuifanya kwa karatasi na kalamu. Ugumu wake uko kwenye idadi.

Bawabu na meneja

Wengi wenu mnaishi kwenye majengo ya fleti, na mlangoni kuna bawabu. Bawabu anajua nani anakaa fleti gani. Mgeni akija akisema "nakwenda kwa Bi Fulani", bawabu ananyoosha kidole: ghorofa ya tatu, mlango wa kushoto. Hafungui kitabu wala hapigi simu.

Jengo hilo hilo lina meneja, ofisi yake iko ghorofa ya juu kabisa. Meneja ni msomi. Anaweza kusoma mkataba, kukagua kitambulisho, kuandika barua na kutatua ugomvi. Lakini yeye ni mmoja, na lifti ni moja.

Sasa tuseme imetolewa amri kwamba kila mgeni, hata anayekwenda fleti ya chini kabisa, lazima apande kwanza ofisini kwa meneja, aulizwe, kisha ateremke. Siku ya kawaida watu wangevumilia. Siku ya harusi lifti ingejaa na foleni ingefika barabarani.

Ndani ya ruta, bawabu ni chipu ya swichi, na meneja ni prosesa. Ruta nyingi ndogo hazina poti tano zilizofungwa moja moja kwenye prosesa. Poti zote hufungwa kwenye chipu ya swichi, na kutoka kwenye chipu hiyo hupanda njia moja tu kwenda kwa prosesa. Hiyo ndiyo lifti. Katika ruta ile ya ukumbini, lifti ilikuwa na uwezo wa gigabiti moja kwa sekunde, sawa na poti moja, ingawa poti zilikuwa tano.

Daraja linaweza kufanyika sehemu yoyote kati ya hizo mbili. Likifanyika kwenye chipu, fremu huingia poti moja na kutoka poti nyingine bila ya prosesa kujua kwamba kuna kitu kimepita. Likifanyika kwa programu, kila fremu hupanda kwa prosesa, huwekwa kwenye kumbukumbu, prosesa hukatizwa ilichokuwa ikifanya, hutazama jedwali, huamua, kisha huiteremsha fremu kwa njia ile ile. Kuiondolea prosesa kazi hii na kumkabidhi bawabu, mafundi tunasema ni kuitua prosesa mzigo.

Hesabu yake

Waya wa gigabiti moja ukijaa fremu kubwa za kawaida, zile za baiti 1,518, hupitisha fremu 81,274 kwa sekunde. Ukijaa fremu ndogo kabisa, za baiti 64, hupitisha 1,488,095 kwa sekunde. Hii ni hesabu ya Ethaneti yenyewe, haitegemei kampuni.

Prosesa ya ruta ile ilikuwa moja, ya kasi ya MHz 600, maana yake mapigo milioni 600 kwa sekunde. Gawa mwenyewe. Kwa fremu kubwa, prosesa inapata mapigo 7,400 hivi kwa kila fremu. Kwa fremu ndogo inapata mapigo 400 tu. Ndani ya mapigo hayo ipokee, isome, itafute kwenye jedwali, ikague, iitoe. Na kila ikienda kuchukua kitu kwenye kumbukumbu kuu, mapigo kadhaa yanapotea kwa kusubiri. Na huo ni waya mmoja tu, ukienda upande mmoja. Prosesa hiyo hiyo ina kazi ya kuwapitisha wageni wote kwenda intaneti na kuendesha waifai.

Chipu ya swichi haifanyi kazi kwa mapigo ya namna hiyo. Jedwali lake limo ndani yake, na saketi zake zimechongwa kwa kazi moja: soma anwani, tafuta, toa. Poti zote tano zinaweza kuzungumza kwa kasi kamili, kwenda na kurudi, kwa wakati mmoja. Chipu hugharimu pesa kidogo, na haipati joto la kutisha. Lakini usiiombe kitu ambacho haikuchongewa, kwa sababu haiwezi kujifunza kazi mpya.

Sasa tazameni harusi yetu. Kila kamera ilikuwa ikituma megabiti 125 hivi kwa sekunde kwenda kwenye kompyuta. Kompyuta ilikuwa ikituma nyingine 125 kwenda kwenye televisheni ya wanawake. Jumla ni 375, zote za ndani ya ukumbi. Video iliyokwenda Muscat ilikuwa megabiti 6 tu. Kifurushi chetu cha intaneti kiliweza kupandisha 40. Intaneti ilikuwa imekaa na nafasi tele, huku ndani watu wanakanyagana kwenye lifti.

Alama niliyoitia mwenyewe

Kwa nini ruta haikumtumia bawabu wake? Kwa sababu mimi nilimwondoa, bila ya kukusudia.

Wiki moja kabla ya harusi niliona si vizuri simu za wageni ziwe kwenye mtandao mmoja na kamera. Fikra yenyewe ni nzuri, na hata leo naisimamia. Nikagawa mtandao sehemu mbili kwa njia inayoitwa VLAN, ambapo kila fremu hutiwa alama ya kundi lake, na daraja hukataa kuchanganya makundi. Kwenye mipangilio ya ruta nikatia alama kwenye kisanduku kimoja: daraja lichuje VLAN. Kila kitu kikaendelea kufanya kazi. Nikajaribu usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa kamera moja, bila ya mgeni hata mmoja. Picha ilikuwa safi.

Nisichokitazama ni kwamba chipu ya ruta ile, ya toleo la zamani, haikuweza kuchuja VLAN kwa namna daraja lilivyotaka. Programu ya ruta ilipoona hivyo, haikukataa ombi langu wala haikupiga kelele. Ililichukua jukumu yenyewe: fremu zote zikaanza kupanda kwa prosesa. Dalili ilikuwa moja tu, herufi moja iliyokuwa kando ya kila poti kwenye orodha, inayosema poti hii imetuliwa mzigo. Ile herufi ilikuwa imetoweka. Mimi niliiona orodha ile usiku ule, na herufi iliyokosekana sikuiona.

Nilipoipima ruta baadaye nikiwa peke yangu, kwa kunakili faili kubwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa waya, ilipitisha karibu megabiti 300 kwa sekunde, na prosesa ikawa asilimia 100. Tuliihitaji ipitishe 375, na wageni juu yake. Nilipoondoa ile alama, faili lile lile likapita kwa zaidi ya megabiti 900, na prosesa ikawa asilimia 2. Waya ni ule ule na ruta ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anayefanya kazi.

Kutoka Docklands hadi Mombasa

Nikitoka kazini hupanda treni ya DLR, na kituo changu kimoja ni East India, kwenye Docklands. Hatua chache kutoka hapo yako majengo ya Telehouse, yasiyo na sura ya kuvutia, madirisha yake machache. Humo, mwaka 1994, kundi dogo la kampuni za intaneti za Uingereza lilianzisha LINX, sehemu ya kubadilishana trafiki ya London. Kifaa cha kwanza kilikuwa swichi moja ya Cisco Catalyst 1200, yenye poti 8 za megabiti 10 kila moja. Ukiitazama leo, ruta ya chumbani kwako ina poti zenye kasi mara mia ya zile.

Nalitaja jengo hili kwa sababu LINX ni daraja vile vile. Kampuni huleta waya zao sehemu moja, na swichi huzipeleka fremu kutoka poti ya huyu hadi poti ya yule. Leo yanapita humo materabiti kadhaa kwa sekunde. Hakuna prosesa ya kawaida iwezayo kusoma fremu hizo moja moja; kama si chipu zilizochongwa kwa kazi hiyo, London isingekuwa na sehemu kama ile.

Historia ya swichi yenyewe si ndefu. Madaraja ya miaka ya 1980 aghalabu yalikuwa masanduku ya poti mbili. Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana ya California ikatoa EtherSwitch, sanduku la poti 7 ambalo liliweza kupitisha mazungumzo kadhaa kwa wakati mmoja. Miaka minne baadaye Cisco ikainunua kampuni hiyo. Tangu hapo kazi ya daraja imekuwa ikihamia kwenye silikoni.

Kwetu Afrika Mashariki somo hili tulilipata kwa njia nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilifungua KIXP mjini Nairobi, sehemu ya kubadilishana trafiki kama ya London. Kabla ya hapo barua pepe ya mtu wa Nairobi kwenda kwa jirani yake mteja wa kampuni nyingine ilipanda satelaiti, ikavuka bahari, ikarudi satelaiti. Wiki mbili tu baada ya kufunguliwa, mamlaka iliifunga, na ikafunguliwa tena mwaka 2002. Mwaka 2009 ukaja waya wa TEAMS kutoka Mombasa hadi Fujairah, na sauti za jamaa zetu zikaanza kuvuka bahari ile ile waliyoivuka mababu kwa majahazi. Lakini waya wa baharini, uwe mnene vipi, haumsaidii mtu ambaye habari zake za jirani zinalazimishwa kuzunguka mbali. Ndivyo ilivyokuwa Nairobi ya mwaka 2000, na ndivyo ilivyokuwa ukumbi wetu wa harusi: fremu ya kutoka poti ya pili kwenda poti ya tatu ilikuwa ikipandishwa ghorofa ya juu isikokuwa na haja nako.

Kwa nini ruta hainyamazishi wala haikatai

Ruta nyingi za leo ndani yake ni Linux. Kwa muda mrefu Linux ilikuwa na daraja lake la programu, na chipu ya swichi ilikuwa kitu cha pembeni, kila mtengenezaji ana amri zake. Mwaka 2008 mhandisi Lennert Buytenhek alitia kwenye Linux mfumo unaoitwa DSA, ambao kila poti ya chipu huonekana kwa Linux kama poti kamili, yenye jina lake. Mwaka 2015 ukaja mfumo mwingine, switchdev, wa kumwezesha mtu aandike amri zile zile za kawaida za daraja, na Linux yenyewe izipeleke kwenye chipu. OpenWrt, programu huru inayotiwa kwenye ruta nyingi za nyumbani, ilianza kuhamia kwenye DSA kwa toleo lake la mwaka 2021.

Msingi wa mpango huu ni mwepesi kuuelewa: mwenye ruta aseme anachokitaka, na mfumo utafute nani wa kukifanya. Chipu ikiweza, chipu ifanye. Isipoweza, prosesa ifanye. Kwa kawaida huo ni ukarimu, kwa sababu kitu kinafanya kazi badala ya kukataa. Ubaya wake ni kwamba mtu anaweza kupoteza kasi yote ya chipu bila ya kuambiwa kwa sauti.

Mambo yanayoirudisha kazi kwa prosesa hutofautiana kwa kila chipu, lakini yanayojulikana ni haya:

• Kuchuja VLAN kwenye chipu isiyoliweza jambo hilo, kama ilivyonikuta.
• Kinga dhidi ya mizunguko ya waya, au udhibiti wa matangazo ya video ya kundi, kwenye baadhi ya chipu ndogo.
• Kukagua au kupunguza kasi ya trafiki ya ndani. Bawabu hasomi barua. Ukitaka zisomwe lazima zipande kwa meneja.
• Kuweka kwenye daraja moja poti zilizo kwenye chipu mbili tofauti. Fremu inayotoka chipu moja kwenda nyingine hupita kwa prosesa.
• Waifai. Kwenye ruta nyingi, fremu inayotoka kwenye waifai kwenda kwenye waya huguswa na prosesa.

Kuna mtego mwingine wa kinyume chake, nao huwapata mafundi. Chipu ikiwa inafanya kazi, prosesa haizioni fremu. Ukiiambia ruta ikuonyeshe trafiki inayopita baina ya poti mbili, itakuonyesha kimya, na utadhani waya umekatika. Na sheria ya kuzuia fremu uliyoiandika upande wa programu haitamgusa mtu, kwa sababu fremu hazifiki huko.

Jipimie nyumbani

Nyumba zetu za Ghuba ni kubwa na zina vitu vingi: kamera za ulinzi kila kona, televisheni ya majlisi na ya watoto, kompyuta za kazi, michezo. Kabla ya kulipia kifurushi cha juu zaidi cha intaneti, fanya hivi.

Kwanza, unganisha kompyuta mbili kwenye ruta kwa waya, nakili faili kubwa, la gigabaiti kadhaa, kutoka moja hadi nyingine. Kwenye poti za gigabiti, ukipata zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde, daraja lako ni zima. Ukipata 30 au 40, kuna jambo, ingawa hakikisha diski za kompyuta zenyewe si za polepole.

Pili, wakati faili linakwenda, fungua ukurasa wa ruta na utazame prosesa inafanya kazi asilimia ngapi. Ikiwa imetulia, chipu ndiyo inayobeba. Ikiwa imepanda karibu na mia, mzigo uko kwa meneja.

Tatu, kama ruta yako haina uwezo, usiitupe. Nunua swichi ya kawaida ya poti nane, ile isiyo na mipangilio yoyote, chomeka humo kamera, kinasa picha na televisheni, kisha toa waya mmoja kwenda kwenye ruta. Vitu hivyo vitazungumza wenyewe kwa wenyewe ndani ya swichi, na ruta itashughulika na intaneti tu. Hapa London niliipata kwa pauni ishirini na kitu, bei ndogo kuliko nyongeza ya kifurushi tuliyoilipa mwezi ule.

Nne, jaribu kwa mzigo wa siku yenyewe. Kamera zote, televisheni zote, simu za watu wote. Jaribio la kamera moja usiku halikuniambia kitu.

Harusi ya pili

Miezi minane baadaye binti wa pili wa kaka aliolewa, katika ukumbi ule ule. Safari hii kamera, kompyuta na televisheni zilikuwa kwenye swichi ndogo ya poti nane, na ruta ilibaki na wageni na intaneti. Ijumaa kabla ya siku, niliwaita vijana kumi wa familia waje na simu zao, tukawasha kila kitu kwa saa nzima. Nikatazama prosesa. Nikatazama na orodha ya poti, herufi moja moja.

Siku ya ndoa nilimshika mkono bwana harusi, nikatamka, akajibu. Sikusubiri simu ilie. Nilipiga mimi mwenyewe, na shemegi ndiye aliyepokea. Nyuma yake nikasikia sauti ya kaka akilirudia neno la kabuli polepole, kama mtu anayelihifadhi.

Kisha akaichukua simu. "Nimesikia, mdogo wangu," alisema. Akanyamaza kidogo. "Na lile la mwanzo, ulinisimulia vizuri. Basi."

La mwanzo sina la kulifanya. Rekodi yake ninayo bado, na ule mwanya umo. Ninachoweza ni kuwaambia nyinyi, kabla harusi yenu haijafika: siku picha ikiganda, msikimbilie kuilaumu intaneti. Anzeni na lile sanduku lililo ukutani kwenu, muulize nani humo ndani anayebeba mzigo.